Aliyelala Chini ya Maua

Harufu ya udi iliwapokea kabla hawajafika juu, na huko juu hapakuwa na mtu. Fausta alisimama, akavuta pumzi. Tangu wamzike mama yao, ambaye yeye ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, alikuwa hajapata usingizi wa kueleweka. Kuja kwenye mlima huu wa nyuma ya Kakese kutazama maua ya mvua za kwanza lilikuwa wazo la Marta, mdogo wake.

Kilele kilikuwa tambarare kama meza, na maua ya njano na zambarau yalikuwa yamekifunika chote.

"Dada, njoo ulale," Marta aliita, ameshajinyoosha katikati yake. "Ardhi ina joto kama mgongo wa mtu."

"Inuka hapo," Fausta alinong'ona. "Inuka, tafadhali."

Maana aliyaona maua yakipanda na kushuka taratibu bila upepo, kama blanketi juu ya kifua cha mtu aliyelala, na ndege wote wakanyamaza, na kutoka chini ya Marta kukaanza mkoromo mzito wa kizee, ukapanda, ukapanda, mpaka ukatokea kinywani mwa Marta mwenyewe, macho yake yakiwa wazi yakimtazama dada yake bila kumjua.

Fausta alimbeba mgongoni hadi bondeni walikomwacha bodaboda.

Pudensiana, mganga wa Kakese, alimfukiza Marta dawa mpaka jua likaegemea magharibi.

"Nani wewe?"

"Mwenye mlima," kinywa cha Marta kilijibu. "Nimelala peke yangu mno. Nimechoka. Nataka kubebwa."

"Mwachie mtoto wa watu!"

"Niende wapi?"

Pudensiana akamgeukia Fausta, sauti chini. "Jua likizama yumo humu, hatoki tena. Na mlimani hataki kurudi."

Fausta aliitazama midomo ya mdogo wake iliyopasuka. Alikuwa amechoka hata kulia.

"Mimi kuuguza nimezoea," akasema. "Haya, panda."

"Usimkaribishe, wee mama!" Pudensiana alipiga kelele, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Marta akapiga chafya. Akaangaza chumbani, akaomba uji.

Fausta akainuka kwenda kumkorogea. Mkono mmoja ulishika ukuta. Wa pili ulikwenda wenyewe nyuma ya kiuno, ukajikunja, kama wa mwanamke anayemshikilia mtoto asiteleze.