Saa Mia Nne za Leonard

Habari hii nilisimuliwa mara ya kwanza na Darlene, mke wa mjomba wangu Milo, Novemba 2020, jikoni kwake Nebraska, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja. Sikuongeza kitu.

Mwaka ule machinjio yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa, na ng'ombe wa Milo wakanenepa bila mnunuzi. Benki ilikuwa imeanza kulitolea macho shamba. Serikali ikatangaza msaada kwa wakulima: kila mshirika fungu lake, mradi athibitishe kwa sahihi kwamba amefanya kazi shambani saa mia nne. Fomu zilikuja kwa posta kutoka ofisi ya kaunti. Milo alijaza yake, kisha akajaza ya kaka yake, Leonard.

Leonard alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Alizama kwenye mahindi ndani ya ghala lao la bati.

"Una wazimu, Milo?" Darlene alimwambia. "Huyu ni marehemu."

"Jina lake bado liko kwenye hati ya shamba. Acha naye achangie. Alizoea kunitegea kazi."

Milo alicheka peke yake.

Fedha ziliingia, benki ikatulia. Jumatatu iliyofuata Milo alikwenda kulisha ng'ombe, akakuta hori zimejaa. Jumanne vilevile. Kwetu mtu akipatwa na shida, majirani huja kimyakimya kumfanyia kazi. Kwa hiyo Darlene alioka mikate ya matunda akampelekea jirani yao, Stan.

"Mikate nitakula, shemeji," Stan alisema, "lakini mimi sijakanyaga kwenu. Si Milo ana mwenzake?"

"Mwenzake gani?"

"Mrefu hivi. Kajaa vumbi la mahindi. Nimempungia mkono, kaninyamazia tu."

Darlene alikaa garini muda mrefu bila kuliwasha.

Alimsihi mumewe alirudishe fungu la Leonard. "Tukilirudisha, shamba limekwenda," Milo akanong'ona. Kazi iliendelea. Uzio ulinyooshwa. Zizi lilifagiliwa. Ng'ombe waliacha kulia. Walijibana wote upande mmoja wa zizi, wakitazama upande mwingine.

Darlene alikuwa akihesabu: saa nane kwa siku. Siku ya hamsini ilifika.

Mchana ule, jua likiwaka, Milo alisikia bati la ghala likigongwa kutoka ndani. Akapanda ngazi. Akafungua mlango wa juu. Sauti ilitoka chini, tulivu.

"Zangu nimemaliza, mdogo wangu. Zamu yako."

Aligeuka ashuke. Kitu kikamshika mguu.

Darlene alisikia yowe moja tu. Stan na wenzake walikuja na misumeno, wakakata bati. Milo alikuwa hai, amezama hadi kidevuni. Kando yake, kwenye mahindi, palikuwa na shimo jingine, upana wa mtu. Mahindi yaliporomoka pande zote. Shimo lile halikujaa.

Fungu la Leonard lilirudishwa serikalini, na shamba likauzwa. Stan alifariki 2022. Darlene yu hai, anaishi mjini. Milo yu hai, ila hakai chumba chenye mlango uliofungwa. Leonard, kwenye daftari la ukoo, nimeandika kwamba alikufa 2018.

Nimeandika kwa penseli.