Karatasi Nene ya Odeta

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali juu ya mawe ya Ilemela, Jovitha alikoroga wanga wa muhogo kwenye beseni. Mama yake alikuwa muuguzi, na hakukubali kwenda kazini na gauni lililolegea.

"Koroga vizuri," mama alisema. "Sitaki mabonge. Hatupiki ugali hapa."

Mwaka ule, 1974, Jovitha alikuwa darasa la sita. Shule yao ilitakiwa kupeleka kazi za mikono kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Mwanza. Mwalimu Mayala wa sayansi aliamua wapeleke picha za jua. Dawa ya picha hizo alipewa na ndugu yake aliyekuwa ananakili ramani za majengo. Unapaka dawa kwenye karatasi ndani ya chumba chenye giza, unaiacha ikauke, unapanga jani juu yake, unafunika kwa kioo na kuiweka juani. Kisha unaiosha kwa maji. Palipofunikwa na jani hubaki peupe, na kwingine kote huwa buluu.

Dawa ilikuwepo na jua lilikuwepo. Karatasi ndiyo iliyowashinda. Jovitha na rafiki yake Odeta walipewa kazi ya kutafuta inayofaa. Ya daftari ilichanika ndani ya maji. Ya kalenda iliteleza, dawa ikaikimbia kama maji kwenye jani la gimbi. Karatasi ngumu ya manila ilinyonya dawa yote, buluu ikatoka mabaka mabaka. Jovitha alitunza kipande cha kila karatasi kwenye kopo, na nyuma ya kila kipande, aliyeleta karatasi hiyo aliandika jina lake na ilikotoka.

Odeta alimcheka. "Umekuwa karani? Vipande vyote hivyo utavila?"

"Mama anasema chupa isiyo na lebo si dawa. Wewe andika tu."

Siku moja Odeta alileta karatasi sita nene, nyeupe, zenye kukwaruza kidogo. "Baba amepewa bandarini," alisema, akaandika hivyo hivyo nyuma ya kipande.

Jovitha aliona kuwa ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kwa wembe. Hakuuliza. Walipanga dagaa wakavu na majani ya pamba juu ya karatasi zile, na picha zilipotoka majini, dagaa weupe walionekana wanaogelea ziwani. Mwalimu Mayala alipiga makofi. "Jovitha, wewe ndiye utakayeeleza kazi hii kwa wageni siku ya Saba Saba!"

Jumatano mwalimu mkuu aliwaita wote wawili ofisini. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi mezani. Karatasi sita za mwisho hazikuwepo.

"Odeta, wiki iliyopita ilikuwa zamu yako kusafisha ofisi hii."

Odeta alitazama sakafu. "Jovitha ndiye anayechagua karatasi, Mwalimu. Mimi nilimfungulia mlango tu."

Jovitha alimgeukia. Tangu darasa la kwanza walikaa dawati moja na kugawana kiazi kimoja.

"Mwongo! Odeta, sema ukweli!"

Mwalimu mkuu alikifunga kitabu.

"Shule haipeleki wizi kwenye maonyesho," alisema mwalimu mkuu. "Na wewe, Jovitha, Saba Saba hutakwenda."

Jovitha alikimbia nyumbani akilia. Mama, aliyetoka zamu, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Machozi tutafuta baadaye. Kopo liko wapi?"

Walilichukua, wakarudi shuleni pamoja. Mama alisalimia, akamwaga vipande mezani na kuvigeuza kimoja kimoja. Kile kinene kiliandikwa kwa penseli: *Odeta Shimba. Kutoka kwa baba, bandarini.* Mwalimu mkuu alikiweka kando ya mabaki ya karatasi kitabuni. Ukingo ulilingana. Akamwita Odeta.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

Odeta alianza kulia. "Wangu. Nilikata mimi. Jovitha hakujua. Niliogopa, baba angeniua."

"Kwa hiyo ukaona afadhali afe mwenzako?" mama aliuliza.

"Kwa nini mimi?" Jovitha alimwuliza.

"Kwa sababu wewe wanakupenda. Nilijua hawatakupiga sana."

Jibu hilo lilimuuma Jovitha kuliko uongo wenyewe.

Odeta alipewa wiki mbili za kupalilia shamba la shule, na baba yake aliitwa. Jovitha alirudishiwa nafasi yake, lakini picha zile zilifungiwa kabatini. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya Saba Saba, na karatasi hakuna.

"Manila ipo," alisema Mwalimu Mayala, "lakini inanyonya mno."

Mama alishika ukosi wa gauni lake. "Kitambaa hiki nacho kinanyonya, Mwalimu, mpaka nikitie wanga."

Kesho yake, darasani, Jovitha na mama walipaka manila wanga mwepesi, wakaianika, wakaipiga pasi ya mkaa, kisha wakapaka dawa. Safari hii buluu ilitulia, haikufanya mabaka. Haikukolea kama ile ya kwanza, lakini ilikuwa halali yao.

Odeta alitokea mlangoni akiwa na ndoo, miguu imejaa udongo wa shambani. "Naweza kuwachotea maji ya kuoshea?"

Jovitha aliendelea kupanga dagaa.

"Achote," alisema mama. "Ndoo tutamwachia. Wembe, bado."

Odeta alipokwenda ziwani, mama alimgeukia binti yake. "Yeye amekusaliti, na uaminifu utamchukua siku nyingi kuurudisha. Lakini nawe uliona ukingo umekatwa. Uliipima karatasi kwa maji, kwa jua na kwa dawa, ukaacha swali moja jepesi: imetoka wapi? Kitu kizuri usichojua kilikotoka, kiulize kabla hujakitumia. Mtu mwaminifu hujibu. Na mwaminifu haogopi kuuliza."

Picha ya kwanza iliyooshwa kwa maji ya Odeta ilipokauka, Jovitha aliandika nyuma yake: *Manila, duka la ushirika. Wanga, mama.* Alisita. Kisha akaisukuma penseli upande wa Odeta, bila kumtazama.

Odeta aliandika polepole: *Maji, Odeta. Kutoka ziwani.*

Mama aliinama akasoma. "Hilo ni kweli," alisema. "Nimemwona akichota."