Namba Kumi na Tisa

Kibao cha namba kumi na tisa kilianguka saa saba kamili mchana, Jumatatu moja ya mwezi wa sita mwaka 1979, na Chiku Shaaban hakuitika. Alikuwa na sababu. Ubao wa simu wa Chuo cha Madini cha Igunya ulikuwa na matundu ishirini, na chini ya kila tundu palikuwa na kibao kidogo cha chuma kilichoanguka, kengele ikalia, pale mtu wa ofisi fulani alipopiga. Lakini simu zilizokwisha kufungwa chuoni zilikuwa kumi na nane. Nyuma ya namba kumi na tisa hapakuwa na waya.

Alikirudisha kwa kidole. Kilikuwa na majimaji.

"Kimeanguka, hukuitika," alisema baba yake kutoka mlangoni.

"Baba, hiyo namba haina mtu."

"Karatasi ukutani inasemaje?"

Chiku aliisoma, ingawa aliijua kwa ghibu. "Simu iitikiwe kabla ya mlio wa pili. Anayeitikia ataje kwanza jina lake kamili."

"Imesema namba zenye watu tu?"

"Hapana, Baba."

"Basi."

Shaaban Akida alikuwa mkuu wa kitengo cha mitambo. Simu alijifunzia kwenye reli, Tabora, na hakuwa mtu wa kurudia agizo. Chini yake walikuwa mafundi wawili, Nkwabi na Stanslaus, pamoja na binti yake, ambaye mkuu wa chuo mwenyewe alimchagua kwa ajili ya sauti: ilifika safi hata kwenye waya mbovu, na watu walimpigia kuuliza saa ili wamsikie. Walipewa miezi minne kufunga simu za chuo kizima. Baada ya hapo ingefuata kompyuta, iliyokuwa bado kwenye makasha ghalani, na ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona mfano wake. Mkuu wa chuo alikuwa amesema wazi: wageni wa ufunguzi wakija Jumamosi wakakuta simu zinakwaruza, makasha yatapelekwa tawi jingine na kitengo kitavunjwa.

Simu zilikuwa zimekwaruza tangu mwanzo, na ubaya ulikuwa ardhini. Mtambo wa simu huunganishwa na fimbo ya shaba iliyozamishwa kwenye udongo. Mafundi huiita ethi, na ethi haishiki pakavu. Mwezi wa tano udongo wa Igunya ulikuwa umekauka na kupasuka mpaka kwenye uzio. Mahali pamoja tu, hatua kumi nyuma ya chumba cha ubao, palikuwa na unyevu. Nkwabi, mzaliwa wa palepale, alikataa kuinua nyundo.

"Mzee, hapo palikuwa na kisima. Kilichimbwa baba yangu akiwa kijana. Siku ya tatu wakapata maji. Siku ya nne wakakifukia."

"Kwa nini?"

"Hawakusema. Lakini wewe, katika nchi hii, umewahi kumwona mtu anafukia kisima chenye maji?"

Stanslaus alicheka. "Na ng'ombe wa kwenu hawapiti hapo, siyo? Tuwaombe wao basi watufungie hizi simu."

"Cheka. Meno ni yako."

"Sitafuti hadithi," alisema Shaaban. "Natafuta unyevu. Piga."

Nkwabi alipiga. Fimbo ya futi nane ilizama kwa nyundo nne tu, kana kwamba chini kulikuwa na nyama. Siku hiyohiyo mkwaruzo ukaisha. Ili unyevu usipotee, Shaaban aliagiza, kama walivyofanya reli, ndoo ya maji ya chumvi imwagwe penye fimbo kila siku saa saba, kabla ya watu kwenda kula. Kwa wiki tatu Nkwabi aliimwaga, uso kaugeuzia pembeni.

Jumanne kibao kilianguka tena, saa ileile. Safari hii Shaaban alikuwa amesimama akikisubiri, mafundi wote wawili wakiwa nyuma yake. Chumbani kulikuwa na harufu ya kidonda kilichofungwa siku nyingi.

"Itika," alimwambia Nkwabi.

"Nani yuko huko?"

"Ukiitika utajua."

Nkwabi alichomeka waya kwenye tundu, akanyanyua mkono wa simu. "Nkwabi Lushinge, chumba cha ubao," alisema. Alisikiliza muda wa kuhesabu hadi kumi. Kisha akaurudisha mkono wa simu taratibu, akawageukia wenzake, akafungua kinywa awaeleze. Ulimi ulitembea. Midomo ilitembea. Hapakutoka kitu.

Asubuhi ya Jumatano aliletwa kazini na mkewe, Mbuke, aliyemkalisha kwenye benchi mbele ya Shaaban na kusimama nyuma yake akiwa amemshika mabega.

"Mmempa nini mume wangu? Amerudi nyumbani hata salamu hawezi."

"Anagoma," alisema Shaaban. "Toka siku ya nyundo anagoma. Mwambie ataongea tu siku nikimwandikia barua ya kuachishwa."

Hapo simu zote kumi na nane zikalia kwa pamoja, chuo kizima, na watu wakatoka maofisini wakiulizana kwa nini Nkwabi anawapigia. Shaaban alinyanyua ya mezani kwake. Alimsikia Nkwabi, sauti yake nzito ya Kisukuma, karibu sana, yenye majimaji, ikisema neno moja.

"Ng'oa."

Nkwabi alikuwa amekaa mbele yake, midomo imefungwa. Sauti ilitoka kwenye simu hata Mbuke akaisikia.

"Mayu wane, mama yangu," alinong'ona Mbuke. "Huyo ndiye yeye. Sasa niliyemshika hapa ni nani?"

Stanslaus aliondoka chuoni kabla ya jua kuzama, akaacha vifaa vyake.

Alhamisi Shaaban alimtuma dereva Shinyanga mjini akamlete shangazi yake, Bi Mwanaima, mganga wa majini, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Bibi huyo alishuka kwenye Landrova, akazunguka nyuma ya jengo, akaitazama fimbo bila kuisogelea. Halafu aliingia ndani na kusimama mbele ya ile karatasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kaandika hii?"

"Mimi."

"Shaaban, ulipokuwa mdogo nilikufundisha nini ukiitwa na mtu usiyemwona?"

Alijibu akitazama sakafu. "Nisiitike mpaka niitwe mara ya tatu. Mtu huita tena. Kisicho mtu huita mara moja."

"Na wewe ukawaandikia watoto wa watu waitike kabla ya mlio wa pili, tena wajitaje."

"Simu ni kazi, shangazi. Kila mahali ndivyo inavyofanywa."

"Jini amelala kisimani mwake. Umemchoma fimbo, kisha kila mchana unamtia chumvi kwenye kidonda. Anamtafuta mwenye mkono. Hajui jina lako, kwa hiyo anakusanya ya wengine. Ing'oe leo."

"Jumapili. Wageni wakishaondoka."

Bi Mwanaima alikunja mkeka wake. "Hukuwa na roho hii," alisema, akaenda kukaa kivulini, akakataa chakula na maji ya Shaaban.

Shaaban alisimamisha chumvi. Fimbo aliiacha. Karatasi pia aliiacha ukutani, kwa kuwa kuibandua kungekuwa kukubali.

Ijumaa alikwenda msikitini, kwenye soko la Igunya, na katikati ya sala alijisikia amesahau kitu, akashindwa kukumbuka ni nini mpaka alipotoa salamu ya mwisho na kukumbuka kwamba ilikuwa saa saba na Chiku alikuwa peke yake ubaoni. Aliondoka bila viatu, akapita kwenye changarawe inayochoma, akapita geti na mlinzi aliyemsalimia bila kuitikiwa, akapita ofisi zenye madirisha wazi ambamo simu zote zilikuwa zinalia na hakuna aliyethubutu kuzigusa, na kila alipokaribia chumba cha ubao harufu ya kidonda ilizidi na mlio wa simu ulizidi, mpaka aliposukuma mlango milio yote ikakoma mara moja, naye akamwona binti yake ameketi wima kwenye kiti chake, mkono wa simu sikioni, vibao vyote ishirini vimeanguka mbele yake vikidondosha maji, na macho yake yakimtazama baba yake kama macho ya mtu anayetazamwa na wengi.

"Umeitika?"

Chiku aliinua kidole, akaonyesha karatasi.

Kisha kwenye waya sauti yake, ile safi, ikasema, "Baba, ng'oa."

Shaaban alitoka mbio. Aliishika fimbo kwa mikono miwili, akavuta, ikakataa. Nkwabi alitokea ubavuni mwake bila kuitwa, akashika chini ya mikono ya mkubwa wake, na wawili hao, ambao hawakupendana wala hawakuja kupendana, walivuta mpaka ngozi za viganja zikabaki kwenye shaba. Ilipotoka, ilitoka polepole, nyekundu mpaka nusu, na tundu la ardhini likavuta pumzi.

Bi Mwanaima alimwaga maziwa pale, akafukiza ubani, akasoma alichosoma. Walisubiri. Chiku alifungua kinywa, hapakutoka kitu.

"Maumivu yake yamekwisha," alisema bibi. "Sauti hatazirudisha bure. Anamtaka mwenye amri."

Ndani, kengele ililia. Waya wa ethi ulikuwa umelala mchangani na betri za ubao zilikuwa zimechomolewa na Nkwabi kwa mkono wake. Kibao cha kumi na tisa kilikuwa kimeanguka.

Chiku alimshika baba yake kanzu. Shaaban akaibandua mikono ya binti yake, kidole kimoja kimoja, akaingia. Wote walimsikia kupitia dirishani, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani.

"Shaaban bin Akida. Niliyeagiza ni mimi. Hao walinitii tu."

Chiku alipiga kelele, na alipojisikia akipiga kelele aliketi chini akalia. Nkwabi alisema jina la mkewe, mara nyingi, kwa sauti ya kukwaruza. Shaaban alipotoka aliwatazama wote, akatikisa kichwa taratibu, akafunga mlango nyuma yake.

Makasha ya kompyuta yaliondoka kwa lori wiki iliyofuata. Ubao ulivunjwa. Shaaban alichukua simu moja tu, ya ukutani, akaitundika sebuleni kwake Shinyanga mjini bila waya wowote. Aliandika kwenye daftari kwamba hataki ile namba ikaite kwenye nyumba ya mtu mwingine. Katika nyumba ile mtu akikuita kutoka chumba kingine, ulinyamaza mpaka mara ya tatu. Wageni waliona ni utovu wa adabu.

Alifariki mwaka 1987. Siku ya arobaini yake watu walikuwa uani wakipakuliwa pilau, na Chiku aliingia sebuleni kuchukua sahani. Ilikuwa saa saba. Simu ya ukutani ikalia, mlio mmoja, na mkono wa simu ukaanguka wenyewe ukining'inia.

"Chiku," ilisema.

Ilikuwa sauti ya baba yake, ambayo hakuna aliyeisikia kwa miaka minane. Haikuwa na ukali. "Abee" ilimfika ulimini. Aliuma mdomo, akakumbatia sahani kifuani, akasubiri, akijua kwamba kisicho mtu huita mara moja tu, na akijua pia kwamba mwenye sauti ile aliijua kanuni hiyo tangu utoto.

Nje mtu alicheka.

"Chiku," sauti ikaita mara ya pili.