Kiti Kilichobaki Tupu Siku ya Wangari

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na miwili. Ni fundi cherehani hapa Wamagana, na ni mzee wa kanisa. Hilo la kanisa nalitaja mapema kwa sababu ndilo linalonishtaki.

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa kizuizini. Mdogo wangu, Ndirangu, alikuwa homugadi, askari wa kijiji upande wa Wazungu. Serikali ilipounganisha mashamba na kuyagawa upya, yeye alipata upande wa mto, mimi nikaachiwa mawe ya juu. Uhuru ulikuja. Nikaokoka, nikahubiri msamaha... lakini salamu yangu haikuvuka mpaka wa ndugu yangu!

Aliyevuka ni binti yake wa kwanza, Wangari. Kwa desturi yetu alipewa jina la mama yetu mzazi, nami nikamwita mama. Akiwa mtoto alikuwa akija dukani kwangu kuokota mabaki ya vitambaa.

Alipokua, kijana wa Kagio alimchumbia. Baba yetu alikuwa amekufa, kwa hiyo mkubwa wa nyumba ni mimi. Nisipoketi, wazee hawazungumzi lolote la posa.

Wageni walipopanga kuja, Wangari akaja kuniita. Nikajibu kwamba mtu aliyeokoka haketi penye pombe.

"Hakuna pombe, baba mkubwa. Tumepika uji."

Nikakosa kisingizio. Ndipo nikasema, "Baba yako arudishe shamba kwanza."

"Na mimi nimekula shamba lako gani?"

Nikarudi kwenye cherehani. Siku ya wageni nilishinda dukani nikishona kanzu za kwaya... Kanzu za kwaya, Mungu wangu!

Niliambiwa baadaye kwamba wageni walingoja mpaka uji ukapoa, wakikitazama kiti changu. Mwisho mzee wao akasema hawawezi kuomba mke kwenye nyumba iliyogawanyika. Wakaondoka. Kijana akaoa kwingine. Wangari hajaolewa mpaka leo.

Kisha Ndirangu akapooza, sauti ikapotea. Jumapili iliyofuata niliongoza Sala ya Bwana. Nilipofika pa kuwasamehe waliotukosea, nikaishia hapo. Waumini wakaimaliza bila mimi. Je, ni mara ngapi nilikuwa nimemdanganya Mungu kwa maneno hayo?

Nilipiga magoti palepale, nikamwomba Yesu auondoe uchungu ule, kwa maana mimi nilishindwa. Kisha nikavuka mpaka.

"Ndirangu, shamba ni lako. Nimeliachilia. Nawe nisamehe."

Hakuweza kusema. Machozi yalimtoka, akanibana vidole kwa mkono uliobaki na nguvu. Mzigo wa miaka ulinishuka... Lakini Wangari alikuwa pale, akimlisha baba yake uji kwa kijiko. Nikashindwa kumtazama.

"Nisamehe, mama."

Aliweka kijiko chini. Kisha akanisogezea kiti.

"Nilishakusamehe, baba mkubwa. Kaa."

Nilikaa nikilia. Mungu amenisamehe, naamini. Lakini ndoa ya Wangari siwezi kuirudisha.

Ndugu msomaji, usijifiche nyuma ya wokovu wako kama mimi! Kama kuna kiti kinachokungoja mahali, nenda ukakikalie leo, uji ungali moto.