Umeniuliza Mara Moja Tu

"Kushoto! Kushoto, Wade!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto! Kwani ziko ngapi? Simama! Simamaaa!"

Paa! Karavani likaigonga meza ya mbao.

Wazee waliokaa kwenye viti vya kukunja wakapiga makofi. Kambini hakuna sinema tamu kama mtu na mpenzi wake wakirudisha karavani nyuma. Mzee mmoja akanyanyua kopo lake la bia.

"Karibuni Badlands!"

Wade akazima pikapu, akashuka jasho linamtoka. Marit kaegemea mti, anacheka mpaka kashika mbavu.

"Bibi yako ataniua," Wade akasema, akipapasa pale palipobonyea.

"Hakuui. Atasema 'si kitu, si kitu', halafu atakukumbusha mpaka uzeeke."

Karavani lenyewe, kijumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari, dogo, jeupe, la mviringo. Waliliita Yai. Lilikuwa la Bibi Borghild, bibi yake Marit, mkulima wa ngano kule Dakota Kaskazini. Kawaazima kwa siku tisa wazuru hifadhi tatu: Badlands, Yellowstone, kisha Glacier, huko juu karibu na Kanada.

Wade ni kijana wa Wyoming, kazi yake kupigilia farasi viatu. Mwaka juzi aliitwa kwa Bibi Borghild kushughulikia farasi wawili. Bibi akamwambia, "Karibu kahawa." Wade akajibu, "Ndiyo, asante," akavuta kiti akakaa. Bibi akamtazama kama mtu aliyeingia sebuleni na matope. Alipotoka nje, Bibi akamnong'oneza mjukuu wake, "Kijana mzuri, ila maskini ana njaa." Marit alimhadithia Wade maneno hayo mara kumi, na mara zote kumi Wade alicheka bila kujua anachekea nini.

Sasa alikuwa na pete mfukoni. Bibi alishambariki kwa siri. Mpango ulikuwa amuulize Marit kule Glacier, kando ya ziwa, siku ya mwisho. Lakini Wade na kusubiri ni vitu viwili tofauti.

Asubuhi yake, Marit akiwa anaosha vikombe kwenye beseni, vilima vya mistari nyuma yake kama keki iliyokatwa na mlevi, Wade akashindwa kuvumilia. Akapiga goti kwenye vumbi.

"Marit. Nioe... yaani, nikuoe. Utakubali nikuoe?"

Marit akageuka. Kikombe kikamponyoka. Uso ukawa mwekundu mpaka masikioni.

"Aa, hapana, Wade. Usijisumbue."

Akatabasamu. Akaokota kikombe, akakisuuza tena.

Basi. Imeisha hivyo. Wade akainuka, akajifuta goti, akarudisha pete mfukoni. Kwao mtu akisema hapana, ni hapana, huendi kumng'ang'ania. Akaenda nyuma ya Yai, akatoa simu, akamwandikia kaka yake Royce aliyekuwa machimbo ya dhahabu Alaska:

*Ile kazi bado ipo?*

Jibu likaja papo hapo.

*Ipo. Mkataba miaka miwili. Si ulisema huwezi kumwacha mtoto wa watu?*

*Hanitaki. Nikimfikisha Glacier nakuja.*

*Pole mdogo wangu. Nakukatia tiketi ya treni, Jumamosi saa mbili asubuhi.*

Sasa kitu kilichomshangaza Wade ni kwamba Marit hakubadilika. Akawa mtamu kuliko jana! Njia nzima anaimba, anamlisha karanga wakati anaendesha. Wakifika mahali pazuri anasimama mbele yake, anamtazama.

"Pazuri hapa, eeh Wade?"

"Pazuri."

"Mtu angekuwa na neno, angelisema hapa."

"Neno gani?"

"Mi najuaje? La mtu huyo."

Wade akajiambia, mwanamke huyu ana roho ngumu. Amenichinja na bado anataka nisifie mandhari.

Siku ya tano wakasimama kwenye mgahawa mdogo, Wyoming. Wade akaagiza pai ya cheri, ya moto, aiskrimu juu.

"Utakula?"

"Aa, hapana, nimeshiba."

"Sawa."

Akala. Marit alikifuata kijiko kwa macho kutoka sahani hadi mdomoni, mdomoni hadi sahani, mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akanyamaza maili arobaini.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Mbona umenuna?"

"Nimenuna wapi? Endesha gari."

Yellowstone ndiko ugomvi ulikolipuka. Nyati walikuwa wamelala barabarani, manyoya yanawaning'inia kama mazulia yaliyochakaa, foleni ya magari nyuma na mbele. Simu ya Wade ilikuwa kwenye dashibodi inaonyesha ramani. Ikalia, ujumbe ukatokea hapohapo juu ya ramani:

*Usisahau treni Jumamosi. Leta nguo nzito. Royce.*

Marit akausoma. Akausoma tena.

"Treni ya wapi?"

"Ya kunifikisha kwenye ndege ya Alaska. Machimboni kwa Royce."

"Unakwenda kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili! Na ulikuwa uniambie lini? Nikiwa nakupungia mkono stesheni?"

"Marit, nikuambie ya nini? Wewe hunitaki."

"Nani kasema sikutaki?"

"Wewe! Badlands! Nimepiga goti, ukanijibu hapana, ukaendelea kuosha vyombo!"

"Ungekuwa unanitaka kweli ungeniuliza!"

"Nilikuuliza!"

"Umeniuliza mara moja tu! Kama mtu anayemkaribisha mpita njia chai!"

Marit akafungua mlango ashuke. Nyati aliyesimama nje akageuza kichwa, kikubwa kama jiko, akamtazama. Marit akafunga mlango taratibu.

"Nikishuka nitakufa," akasema, machozi yanamtoka.

"Usishuke basi."

"Sishuki kwa sababu ya nyati. Si kwa sababu yako."

Wakakaa hivyo saa nzima, kila mtu anatazama dirisha lake. Usiku Marit akalala kwenye Yai, Wade akajikunja ndani ya pikapu.

Ijumaa wakaingia Montana, tambarare mkono wa kulia, milima mkono wa kushoto. Wakasimama kujaza mafuta. Marit akaenda kunawa uso. Simu ya Wade ikaita. Bibi Borghild.

"Haloo, Wade. Hali ya hewa huko ikoje?"

"Nzuri, Bibi."

"Upepo?"

"Upo."

"Huku pia upo. Ngano inaendelea vizuri." Watu wa kwao hawafiki kwenye jambo bila kupitia kwenye upepo. "Halafu... lile suala?"

"Alikataa, Bibi."

"Alikataaje?"

"Alisema, 'Aa, hapana, usijisumbue.'"

"Eeh, safi. Na mara ya pili?"

"Mara ya pili ipi?"

Upande wa pili kikasikika kiti kikisogezwa.

"Wade. Mjukuu wangu umemuuliza mara ngapi?"

"Moja."

"MOJA?"

Wade akaisogeza simu mbali na sikio.

"Bibi, kwetu mtu akisema hapana, ni hapana. Baba alinifunza hivyo, na mama akakazia."

"Wamekufunza vizuri, na kwa mambo mengi shika hapohapo. Lakini mwanangu, mwaka wa pili huu unakula kwangu, hujaona? Huku mtu akikukaribisha kitu unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa kwa sauti ya chini. Ya tatu ndiyo unapokea, tena unasema 'kidogo tu'. Babu yake Marit aliniuliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nakamua ng'ombe, hata kichwa sikugeuza!"

"Kwa hiyo Marit..."

"Ulimshtua, mdomo ukajibu wenyewe. Na kwetu anayekaribisha mara moja akaacha, hakuwa na nia. Alitimiza adabu tu. Mtoto wa watu analia huko, anadhani ulimuuliza kwa adabu!"

Wade akashika kichwa.

"Bibi. Na pai je?"

"Pai gani?"

"Alisema ameshiba. Nikala yote peke yangu. Mbele yake."

"Mungu wangu," Bibi akasema. "Muulize mwenyewe, Wade. Usinisikilize mimi mzee. Muulize, na safari hii usikimbie."

Wade akaingia dukani, akatoka na boksi, akalificha nyuma ya kiti. Akamwandikia Royce: *Ile tiketi usinihesabie kwanza.* Royce akajibu: *Wewe umelogwa.*

Walipofika Glacier kambi ilikuwa imejaa. Nafasi ilibaki moja, nyembamba, misonobari pande zote mbili, ziwa nyuma yake. Wazee wa kambi kuona Yai linakuja wakageuza viti vyao wapate kuona vizuri. Marit akashuka, akaenda nyuma kuelekeza. Kwenye kioo cha pembeni Wade alimwona amesimama na koti lake jekundu, macho yamevimba, mikono juu. Kesho saa mbili treni.

Akatoa kichwa dirishani.

"Marit! Ile hapana yako ilikuwa hapana ya kweli, au hapana ya kahawa?"

Mikono ya Marit ikaganda hewani.

"Nani kakwambia habari za kahawa?"

"Bibi yako!"

"Kushoto kidogo! Bibi kapiga simu?"

"Kapiga! Kwetu tunauliza mara moja, Marit! Moja ndiyo yote tuliyonayo! Sikukuuliza kwa adabu!"

Marit akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kama ilikuwa hapana ya kweli," Wade akaendelea, "sema, sitakusumbua tena. Kama ni ya kahawa, naomba nikuulize mara ya pili!"

"Ilikuwa ya kahawa, mjinga wewe!"

"Muulize, kijana!" mzee mmoja akadakia. "Mnaziba njia!"

"Marit Tollefsrud! Utakubali kuolewa na—"

"NDIYO!"

"Sijamaliza!"

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Nikisubiri ya tatu utapanda treni!"

Wade akasahau kwamba amekanyaga breki, akaiachia. Paa! Yai likaubusu msonobari. Kambi nzima ikasimama, makofi, vigelegele vya kizungu vile vya kupiga miluzi. Wade akaruka nje hata mlango hakufunga. Wakakutana katikati, Marit akamrukia shingoni nusura waanguke wote.

"Siku zote hizi nakusubiri!" akampiga kifuani kwa ngumi ndogondogo. "Kila mlima nasema hapa ataniuliza. Mi nikaona basi, mwanaume kajuta kabla hajamaliza sentensi."

"Na mimi siku zote hizi najiuliza, huyu anaimba nini na kaniua?"

"Nilikuwa nakupa nafasi!"

"Ungesema!"

"Sasa nikisema si nitakuwa nimejikaribisha mwenyewe?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye majani. Wade akatoa pete. Ilikuwa na vumbi la Badlands bado. Akaifuta kwenye shati, akamvalisha.

Kisha akaenda kwenye pikapu, akarudi na boksi na uma mmoja.

"Pai ya cheri. Nzima. Utakula?"

Marit akafungua mdomo aseme hapana. Akajizuia. Ukaona kabisa ukoo mzima unamvuta nyuma.

"Lete," akasema.

Simu ikapigwa kwa Bibi, ikawekwa sauti ya juu.

"Haloo. Upepo vipi huko?"

"Bibi, amekubali!" Wade akapiga kelele.

"Eeh, si kitu kibaya hicho," Bibi akasema, na kwa watu wa kwao hiyo ndiyo furaha iliyopitiliza. Wakamsikia anapenga kamasi. "Na karavani langu?"

Wakatazamana. Wakatazama mibonyeo miwili, mmoja wa meza, mmoja wa mti.

"Lipo, Bibi. Lina... kumbukumbu."

"Si kitu, si kitu," Bibi akasema. Marit akamkonyeza Wade. "Haya, niambieni, kakubali ya ngapi?"

"Ya pili."

"Ya PILI? Marit! Watu watasema mjukuu wangu ana njaa!"

"Ninayo, Bibi," Marit akajibu, mashavu yamejaa pai. "Tena waambie kabisa."