Gwanda la Mzee Mgovano

Gwanda-misuli lilimwinua Mzee Mgovano kutoka alipochuchumaa kana kwamba mgongoni hakuwa na kitu. Lakini alikuwa amebeba sanduku la kilo sabini na mbili, lenye kamera, lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, na mitungi ya kupozea. Nyuzi za chuma laini zilizoshonwa ndani ya lile vazi zilijikaza na kulegea kwa kufuata kila hatua yake. Mzee alicheka kidogo.

"Miaka thelathini na moja nimebeba mizigo hii kwa bega," alimwambia Tusekile, mhandisi aliyelibuni gwanda hilo. "Leo bega limepata likizo."

Tusekile alikuwa amekuja bonde la Ruaha kuliona likifanya kazi kwa mara ya kwanza nje ya maabara. Miaka hiyo droni zilikwishapigwa marufuku hifadhini, maana mngurumo wake uliwafanya wanyama watelekeze watoto. Magari nayo yalizuiwa. Aliyetaka picha ya mbwa mwitu, ambao walibaki makundi matatu tu, alikwenda kwa miguu, na vifaa vyake vikabebwa na binadamu.

Wakiwa njiani, huku mpigapicha, Bwana Haidari, akitembea mbele yao, Mzee Mgovano aliuliza swali ambalo Tusekile alitamani asiulizwe.

"Mwanangu, nikitaka kulivua haraka nafanyaje?"

"Huwezi kulivua haraka, mzee. Unaweka sanduku mahali pakavu, tambarare, halafu vifungo vinafunguka vyenyewe."

"Na nikikutana na nyati?"

"Litakimbia nawe. Lina kasi kukushinda."

Mzee aliendelea kutembea. Tusekile aliijua sababu ya sharti lile. Zamani wabebaji walipoona tembo walitupa mizigo na kukimbia, na kamera zikavunjika. Kampuni iliyomwajiri ilitaka vazi lisiloachia mzigo. Yeye alipendekeza kifungo cha dharura kifuani, meneja akakikataa, naye Tusekile akaandika maagizo ya gwanda kama alivyotakiwa. Ilimchukua alasiri moja.

Saa nne asubuhi waliwaona mbwa mwitu ng'ambo ya korongo la mchanga, jike na watoto saba. Haidari alipiga picha kwa muda mrefu, kisha akataka kuvuka awakaribie zaidi. Korongo lilikuwa kavu. Haidari na Tusekile walivuka wa kwanza, wepesi. Mzee alipofika katikati, mguu wa kulia ulizama mchangani hadi gotini, na wa kushoto ukafuata.

Hapo wakasikia maji. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na sasa maji yake yalikuwa yanashuka na matope na magogo.

"Tua mzigo, mzee," Haidari aliita.

Mzee alijaribu. Alijipinda, akavuta mikanda. Lakini vipima-unyevu vya gwanda viliona maji kila upande, na kwa gwanda hapakuwa mahali salama pa kutua. Likayakaza magoti yake yasipinde. Maji yalipofika kiunoni, likasogeza sanduku kutoka mgongoni hadi mikononi mwake, likaiinua mikono ile juu, ikanyooka.

Tusekile alikuwa ameshika kidhibiti cha gwanda, anabonyeza amri ya kuachia. Kioo kilimjibu: *Ombi limepelekwa makao makuu.* Akabonyeza tena. Haidari alijitosa majini, gogo likampiga ubavuni, akarudishwa ukingoni.

"Mhandisi," mzee aliita, maji yakiwa kidevuni. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Liambie liniachie."

"Naliambia, mzee. Naliambia."

Ruhusa ilikuja baada ya dakika kumi na tisa. Juu ya maji palionekana mikono miwili tu, imesimama wima, na sanduku juu yake. Ndani ya sanduku hapakuingia hata tone.

Katika kikao cha kampuni, meneja alisema gwanda lilifanya kazi yake sawasawa, na kwamba kosa lilikuwa la aliyechagua njia. Tusekile alimwambia kosa liko kwenye ukurasa alioandika yeye mwenyewe. Karani aliacha kuandika kidogo, kisha akaendelea na jambo lililofuata.

Siku ya tisa baada ya kifo, Tusekile alikwenda nyumbani kwa marehemu, nje kidogo ya Iringa. Mjane, Mama Semkiwa, alimkaribisha kitini na kumpa chai akidhani ni mmoja wa waliokuja kutoa pole.

"Walimleta mikono ikiwa juu," mama alisimulia taratibu. "Tulikanda kwa maji ya moto, ikakataa kushuka. Tukamzungushia shuka, tukachonga jeneza refu. Watoto wananiuliza baba alikuwa anamwita nani. Nami sijui niwajibu nini."

Tusekile angeweza kunyamaza. Alifikiria kunyamaza. Kisha akasema, "Hakuwa akimwita mtu, mama. Ile mikono niliiinua mimi."

Akaeleza yote, hata ile alasiri moja. Alipomaliza, mama aliinuka, akakichukua kikombe mkononi mwa Tusekile, kikiwa bado kimejaa, akatoka nacho nje akaimwaga ile chai.