Kuni Zilizorudi Butembo

Siku ambayo Papa Maliro hakurudi kutoka shamba lake la kakao, binti yake Kyakimwa alikuwa Butembo, katika ukumbi wa masomo, akijizuia kucheka. Lusenge, aliyekaa kando yake, alikuwa amemchora mwalimu wao wa sheria akiwa na masikio ya mbuzi. Simu ya Kyakimwa ilitetemeka ndani ya mkoba. Hakuipokea. Ilitetemeka tena na tena, mpaka Nadège, rafiki aliyepanga naye chumba, akamgusa begani kutoka nyuma.

"Toka upokee. Mutu anakutafuta kwa nguvu."

Alitoka barazani. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sauti ya mama yake, Godelive, ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Baba yako alienda asubui ku shamba, upande wa Mangina. Benzake walirudia mbio, walisikia masasi. Yeye hayafika."

"Telefone yake?"

"Haipite. Kuya ku nyumba, binti yangu. Na hapana sema kwa mutu."

Kyakimwa alirudi kuchukua mkoba. Lusenge akamuuliza kwa macho.

"Mama ananiita," alisema. "Nitakupigia."

Lusenge alisimama mlangoni akimtazama akipanda pikipiki. Pull yake ya kijani, sweta nzito, ilipotea katikati ya pikipiki nyingine zilizoshuka kuelekea mjini.

Pull hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Katika juma la kwanza la masomo Kyakimwa, mtoto wa Beni aliyezoea joto, alikuwa akitetemeka sokoni Butembo mbele ya rundo la mitumba. Alishika mkono mmoja wa pull ya kijani, akavuta. Haikuja. Mkono wa pili ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa.

"Hii ni ya mwanamuke," Kyakimwa alisema.

"Iliandikwa wapi?"

"Tazama vifungo."

"Mi natazama mutu anayetetemeka. Weye unatoka Beni. Huku, hata kuku hazitetemekake vile."

Muuza nguo alicheka. Lusenge akaachia mkono wa pull. Kesho yake walikutana tena kwenye mstari wa wanafunzi wapya wa sheria, naye akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndugu zangu, ile ni pull yangu, nimemwazimisha tu." Tangu siku hiyo walikaa benchi moja. Alimwita sheri, yaani mpenzi. Naye Kyakimwa alimwita Mukubwa wa Baridi, na akikasirika, Lusenge tu.

Alipofika Beni jioni ile, uani kwao hapakuwa na moto. Huko msiba huanza na moto. Mtu akisikia habari ya kifo huchukua kuni, huenda kwa wafiwa bila kuitwa, na moto ukishawashwa uani hakuna tena anayesema labda. Baba mdogo wake, Onésime, alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono mfukoni.

"Shemeji," alimwambia Mama Godelive taratibu, "batu wataanza kuuliza. Tuwashe tu kamoto kadogo."

"Nani alikufa?"

Onésime akatoa mikono mfukoni.

"Nauliza. Ulimuona? Kuko mutu alimuona?"

"Hapana."

"Donc, hapa hapatawaka moto."

Alipakua chakula. Aliweka sahani ya mumewe mbele ya kiti chake cha mbao, akaifunika. Kisha akamgeukia Kyakimwa.

"Usiseme ku Butembo. Wakisikia, watakuya na kuni. Wakikuya na kuni, njo wamemuzika."

Basi Kyakimwa hakusema. Kila simu ilipolia aliikimbilia, na kila mara haikuwa ya baba yake. Nyingi zilikuwa za Lusenge. Aliziacha zilie. Alijua kwamba akiisikia sauti ile atalia, na akilia atasema. Siku moja alishindwa, akapokea.

"Sheri, unanikimbia?"

"Sikukimbie. Iko mambo ya ku nyumba."

"Mambo gani? Mwalimu ameshaanza kozi mpya. Weye hauko, nachora mbuzi peke yangu."

Kyakimwa alikaribia kucheka. Nyuma yake sauti ya Onésime ikaita, "Kyaki, weka telefone. Bageni wamefika, wanakungoja weye."

Wageni hao walikuwa wanaume wawili waliokimbia pamoja na baba yake siku ile. Walikuja kueleza walichokiona, ambacho kilikuwa kidogo sana. Lakini Lusenge hakuwaona. Aliona kitu kingine kabisa.

"Bageni gani wanakungoja weye?"

Kyakimwa alifunika simu kwa kiganja.

"Wanakuya kukuposa?"

"Lusenge, hapana leo."

"Banaume ba Beni bako na kakao. Miye niko na syllabus. Sema tu, nijue."

Simu ilikatika. Lusenge aliishika mkononi muda mrefu, kama kitu kilichomuuma.

Siku zilizofuata alitembea na uso uliofungwa. Akamkuta Nadège mahali wanafunzi wanaponunua mikate na uji, akampita bila salamu, kikombe chake cha uji mkononi.

"We, Lusenge. Unanuna bure," Nadège alisema. "Mutu wa Beni ameniambia. Baba ya Kyaki, waasi walimukamatia ku shamba. Wanasema walishamuua."

Lusenge aliweka kikombe chini. Aliona tena kila neno alilosema kwenye simu: kakao, kuposa, sema tu nijue. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa kuwa hakujua la kufanya nayo, aliifanyia kazi. Mwanafunzi akifiwa na mzazi, promotion nzima, yaani wote wa mwaka wake, huenda kwa wafiwa. Lusenge ndiye aliyezunguka ukumbi kukusanya mchango, ndiye aliyetafuta basi dogo, ndiye aliyepanda kilimani kununua kuni za mikaratusi, kavu, zilizopasuliwa vizuri.

"Umemwita Kyaki?" Nadège aliuliza wakati wa kupakia.

"Mutu wa kilio hapana kumuita ku telefone. Batu banaendaka tu."

Hilo lilikuwa kweli, na Nadège hakubisha.

Waliondoka Butembo na makoti, wakayavua njiani kadiri barabara ilivyoshuka na joto lilivyopanda. Lusenge alikuwa katika suti nyeusi ya kaka yake, mikono ya koti ikimfika vidoleni. Wasichana walivaa vikwembe, yaani vitenge, vya aina moja. Walipokaribia lango walijipanga, Nadège mbele na kuni kichwani, wakaanza wimbo wa maombolezo, polepole, kisha kwa sauti kamili.

Uani Mama Godelive alikuwa akigeuza kakao juu ya turubai kwa reki. Harufu kali ya mbegu zilizochachuka ilikuwa hewani. Hapakuwa na moto wala mkeka. Aliwatazama wakiingia. Wimbo ulikufa sauti moja baada ya nyingine, mpaka akabaki msichana mmoja akiimba huku amefumba macho, naye akanyamaza.

"Munalia nani?"

Lusenge alijitokeza. "Mama, pole. Tulisikia habari ya papa."

"Mulisikia wapi? Miye niko hapa, sijaisikia."

Kyakimwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nywele zake hazikuwa zimesukwa, na kikwembe chake kilikuwa kimekolea masizi. Alitazama suti, akatazama kuni.

"Ni weye uliwaleta?"

"Ni miye. Sheri, sikujua, nilifikiri..."

"Ulikuwa na namba yangu."

Hakupandisha sauti. Lakini majirani walikuwa wamesikia wimbo. Mwanamke mmoja aliingia langoni na mkeka, tayari analia. Nyuma yake akaja mwingine. Onésime, aliyengoja ruhusa tangu siku ya kwanza, alikaa chini kwenye vumbi, akafunika uso na kulia kama mtoto. Mama Godelive aliegemeza reki ukutani kwa uangalifu, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mumemuzika," Kyakimwa alisema. "Miye nilimuacha mama anangoja, weye umemuletea kaburi. Mupande na kuni yenu."

Wakazipakia tena. Zilirudi Butembo miguuni mwao.

Lusenge alipiga simu kesho yake na siku zilizofuata. Haikupokelewa. Aliandika samahani, akaifuta, akaandika nyingine. Mitihani ilikuwa inakaribia, na benchi lilikuwa wazi upande mmoja. Ndipo akaanza kufanya jambo dogo. Kila jioni alijifungia chumbani, akasoma kozi ya siku ile kwa sauti, akamtumia Kyakimwa kwa WhatsApp. Hakuomba jibu. Alisema tu, "Kyaki, leo ni hii," akasoma, na mwisho, "Ni hayo. Salimia mama." Alama mbili za samawati zilitokea, basi.

Jioni moja alifika kwenye somo lililoandikwa absence. Alisita kabla ya kubonyeza, kisha akasoma. Absent ni mtu aliyeondoka mahali pake, hakuna habari zake, na hakuna anayejua kama ni mzima au amekufa. Akamalizia kwa maneno yake mwenyewe. "Mwalimu amesema, absent haiko mufu. Mutu hana haki ya kumuita mufu juu tu hayarudi. Kyaki, mi ndiye nilileta kuni, na sikujua ile. Ni hayo. Salimia mama."

Simu ililia kabla hajaiweka mezani.

"Rudilia kile kipande," Kyakimwa alisema.

Akakirudia.

"Tena, polepole. Mama anasikiliza."

Akasoma tena. Upande wa pili ikasikika sauti ya Mama Godelive, mbali kidogo na simu: "Hata ba leta wanajua." Alimaanisha serikali. Kyakimwa akaisogeza simu mdomoni.

"Lusenge."

"Naam, sheri."

"Sijakuita sheri, tulia. Kuya siku ya posho. Peke yako. Usilete kitu."

Jumamosi, ndiyo siku ya posho, alishuka Beni katika shati lake jeupe, mikono mitupu. Langoni alisimama, akabisha hodi, akangoja aitwe. Mama Godelive alikuwa juu ya turubai kama siku ile.

"Shikamoo, mama. Papa, kuko habari zake?"

Mama aliacha kugeuza. Tangu majirani walipokuja na mikeka, hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo tena.

"Bado," alisema. "Unajua kugeuza kakao?"

"Hapana, mama."

"Na sheria?"

"Kidogo."

"Shika reki. Utajua vitu viwili kidogo."

Aligeuza mpaka shati likamganda mgongoni, huku Kyakimwa akimcheka kutoka kivulini. "Mukubwa wa Baridi anayeyuka," alisema, na Lusenge akajua kwamba jina lake limerudi. Wakati wa kula palikuwa na kiti kimoja kitupu. Alikitazama, akauliza, "Mama, kiti hii ni ya nani?"

"Ya baba."

Akageuza ndoo, akakalia hiyo. Sahani iliyofunikwa ilikuwa mbele ya kiti, na hakuna aliyeigusa.

Kyakimwa alirudi Butembo akafanya mitihani. Swali moja lilikuwa juu ya absence. Aliandika mpaka mkono ukamuuma, akaomba karatasi ya pili. Matokeo yalipobandikwa Nadège alimsukuma Lusenge katikati ya watu ili wasome, na wote watatu walikuwa wamepita, ingawa Lusenge alitakiwa kurudia mtihani mmoja. Kyakimwa alimtania kwa hilo hadi Beni.

Huko, kwenye parking ya magari yanayokwenda Butembo, akiwa amevaa gauni la njano na viatu vipya vilivyombana, alimsindikiza wakati wa likizo. Lusenge hakupanda gari.

"Mama yangu anafuga mbuzi ku Lubero," alisema. "Alishachagua za mahari. Lakini mi nauliza kwanza."

"Umejifunza kuuliza."

"Nimejifunza."

"Basi uliza."

"Unakubali nikuoe?"

"Nakubali."

Dereva alipiga honi. Hawakusogea.

"Na mbuzi," Kyakimwa alisema, "nani atazipokea?"

"Baba mudogo Oné..." Lusenge alikatiza mwenyewe. "Hapana. Zinapokelewaka na baba. Akizipokea yeye, ni kama tumelia tena pale ku mulango."

"Ni vile."

"Tutangoja."

"Mpaka lini?"

"Sijui, sheri."

Kyakimwa alimrekebishia ukosi wa shati, akamsukuma kuelekea gari.

Sasa wako mwaka wa pili, kwenye benchi lile lile. Ikifika Jumamosi wanashuka Beni pamoja. Onésime anaenda shambani na wenzake, wanarudi kabla ya saa sita, na Lusenge anageuza kakao. Mbuzi wako Lubero, wengine wameshazaa. Papa Maliro hajarudi.